Ulimwengu Unaowafunza Vijana Wetu Ni Sisi

Kwa waamini wote, kwa viongozi wa Halmashauri za Walei, wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wa vyama vya kitume katika kisiwa cha Unguja.

1. Hukumu iliyo nyepesi mno

Imekuwa desturi, kila yanapozungumzwa mambo ya vijana wa kisiwa hiki, kuanza kwa kulaani. Barazani, maofisini, katika mimbari za dini zote na hata katika mikutano yetu ya parokia hukumu ni ile ile: vijana wa leo wameharibika, hawana adabu, hawapendi kazi, wanataka vya bure. Akikamatwa kijana na unga, twauliza mama yake ni nani. Akipata mimba binti kabla ya ndoa, twauliza alilelewa wapi. Kisha twaitoa methali yetu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, twakunja mikono, nasi twaamini kwamba kesi imekwisha.

Sisi twasema kesi hiyo haijaanza. Methali ina sehemu mbili, nasi tumezoea kusikia moja tu. Mama tumemshtaki miaka nenda miaka rudi. Ulimwengu hatujauita hata utoe ushahidi. Nao ulimwengu huo una anwani. Unakaa Jang'ombe na Kikwajuni, Mwembeladu na Shaurimoyo, Malindi na Mkunazini, Nungwi na Paje. Una wenye nyumba na waajiri, walimu na askari, masheha, masheikh na mapadre. Tukiutazama sawasawa tutajiona wenyewe ndani yake.

Basi twaandika kijitabu hiki kupinga hukumu nyepesi. Twataka kuonyesha kwamba njia ya kijana kuelekea utu uzima hupitia katika nyumba na mtaa. Kwamba nyumba na mtaa vikiwa vimejaa taabu njia hiyo hupinda au hukatika. Na kwamba taabu hizo hazikushuka kutoka mbinguni, bali zimefanywa na watu na zaweza kuondolewa na watu.

2. Kuwa mtu mzima ni nini?

Wazee wa visiwa hivi hawakuhesabu miaka peke yake. Kijana alihesabiwa mtu mzima alipokuwa na kazi ya mikono yake, alipokuwa na mahali pake pa kulala pasipo kuazima, alipoweza kuoa au kuolewa na kulea, na alipokuwa na neno la kusikilizwa mbele ya watu. Kazi, makazi, ndoa na sauti: hizo ndizo nguzo nne. Anayepata moja akakosa tatu amejengewa kibanda, hakujengewa nyumba.

Leo Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, kama ulivyo Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006, humhesabu mtu kuwa kijana tangu miaka 15 hadi 35. Waliopanga hivyo walikuwa na nia njema ya kuwasaidia wengi. Lakini tujiulize ni jamii gani hii ambayo mtu wa miaka 34, mwenye ndevu na watoto, bado huambiwa asubiri kwa kuwa ni kijana. Bwana wetu alipoanza utume wake hadharani alikuwa na umri upatao miaka 30. Kwa hesabu yetu angeambiwa akae pembeni, awaachie wakubwa.

Hapa pana dhuluma mbili, nasi twaomba zitofautishwe. Ya kwanza ni kumkomaza mtoto kabla ya wakati wake. Ya pili ni kumzuia mtu asikomae wakati wake unapofika. Ajabu ni kwamba mara nyingi zote mbili humpata mtu yule yule. Aliyebebeshwa mzigo wa nyumba akiwa na miaka 12 ndiye anayenyimwa nyumba yake akiwa na miaka 30. Alipokuwa mtoto tulimtaka awe mtu mzima. Alipokuwa mtu mzima twamtaka abaki mtoto.

3. Ndani ya nyumba

Tuanze pale ambapo hatupendi kutazama. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, Bara na Visiwani, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa upande wa Zanzibar, takribani wasichana 6 katika kila 10 na wavulana 7 katika kila 10 walisema walitendewa ukatili wa kupigwa na kuumizwa kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana wapatao 6 katika kila 100, na wavulana wapatao 9 katika kila 100, walisema walitendewa ukatili wa kingono katika utoto wao. Isomeni tena hesabu hiyo ya mwisho. Wavulana walizidi wasichana. Ni wangapi kati yetu tumewahi kusikia jambo hilo likisemwa kanisani, msikitini au shuleni? Na hao ni wale tu waliothubutu kusema.

Kwa nini hawasemi? Kwa sababu ya muhali. Neno hilo lina heshima yake visiwani. Ni haya ya kumkatalia jirani, ni kuchelea kuvunja udugu. Lakini haya hiyo imezaa mtoto mbaya ambaye watu wenyewe wamempa jina: rushwa muhali. Aliyemdhulumu mtoto ni ami yake, ni mwalimu wake, ni mtu wa mtaa mmoja. Wazee hukutana usiku, hutafuta kumalizana, pengine kikatolewa kitu kidogo, na asubuhi shahidi hafiki mahakamani. Wakubwa wamehifadhi udugu wao. Mtoto amejifunza somo moja ambalo hatalisahau: kwamba mwili wake ulikuwa bei ya amani ya watu wengine. Kisha mtoto huyo akifika miaka 18 twamtaka awe na imani na sheria, na wazee, na Mungu!

Sheria haikukosekana. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kimewekwa Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambamo aliyedhulumiwa hupata tiba, ushauri na msaada wa polisi mahali pamoja. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Hupelekwa na mtu, na mtu huyo akiona muhali, sheria hubaki kwenye kabati. Wala asidhani mtu kwamba kanzu humsaza mwenye kanzu. Padre, katekista, mlezi wa watoto au mwalimu wa kwaya akimdhulumu mtoto, apelekwe panapohusika kama mtu mwingine yeyote. Anayemficha ili kulinda jina la Kanisa amelitia doa Kanisa mara mbili.

Tutazame pia namna tulivyowatendea mabinti. Mwaka 1985 ilitungwa visiwani sheria iliyodai kuwalinda wanawake wasio na waume, na chini yake mwanamke asiyeolewa aliyepata mimba aliweza kufungwa gerezani. Iliitwa ulinzi! Mwaka 2005 iliondolewa, ikawekwa nyingine iliyofuta kifungo hicho na kuleta utumishi wa jamii. Zanzibar pia iliitangulia Bara kumruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi darasani. Bara ilikuja kuruhusu Novemba 2021. Hizo ni hatua njema, nasi twazisifu. Lakini gereza lililobomolewa katika vitabu vya sheria bado limesimama katika ndimi zetu. Binti anaporudi shule na kukuta vicheko, anapokuja kanisani na kuondolewa katika kwaya mbele ya watu huku kijana aliyempa mimba akiendelea kupiga kinanda, nani amemfunga?

Na tukiwa bado ndani ya nyumba, tuingie sasa katika nyumba zetu wenyewe. Wapo watoto walioletwa Unguja kutoka Bara kuwa watumishi wa ndani. Huamka kabla ya mwenye nyumba na hulala baada yake. Ujira wao hutumwa kwa mtu mwingine au huwekwa na mwajiri, na hawajui ni kiasi gani. Jumapili familia inapokuja Misani, mtumishi hubaki kupika chakula cha mchana cha hao waliokwenda kusali. Mwamini wa namna hiyo asitueleze habari za maadili ya vijana. Anaye kijana jikoni mwake ambaye utoto wake unaliwa kila siku pamoja na wali.

Wengine huvuka bahari. Wanawake wa Zanzibar na wa Bara wamekwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya mateso ambayo baadhi yao waliyapata: kunyang'anywa pasipoti, kunyimwa mishahara, kupigwa. Nyuma yao hubaki watoto ambao mama yao ni sauti ya simu. Wanaolea ni mabibi. Serikali ya Zanzibar ilifanya jambo la haki Aprili 2016 ilipoanza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikaongezwa. Kwa bibi anayelea wajukuu watatu, fedha hiyo ni daftari, ni mafuta ya taa, ni unga wa uji. Lakini tusijidanganye: bibi wa miaka 75 hawezi kumfuata mvulana wa miaka 16 usiku kichochoroni.

4. Mtaa

Mji wa Unguja ulijengwa kwa kutengana. Mkono wa bahari uliwagawa watu wa Mji Mkongwe na watu wa Ng'ambo, na ingawa maji yale yalifukiwa katika karne ya 20, mgawanyiko haukufukiwa nayo. Ng'ambo ndiko walikokaa wachukuzi, wapagazi, watumishi na wale waliotoka utumwani baada ya amri ya mwaka 1897. Mwaka 1928 wakazi wake waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyodaiwa na wenye viwanja. Hao walikuwa watu maskini waliojua kwamba makazi ni haki.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 zilijengwa nyumba ndefu za Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki ili mnyonge naye apate mahali pa kuishi penye maji na umeme. Nia hiyo twaiheshimu. Lakini mji haukusimama. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ikahesabu 893,169. Katika miaka 10 wameongezeka watu wapatao 300,000, na karibu nusu ya watu wote wa Zanzibar, ambao mwaka huo walikuwa 1,889,773, wanaishi katika mkoa huo mmoja. Nyumba iliyojengewa familia moja huenda sasa ina vizazi vitatu. Mabondeni nyumba zimejengwa juu ya njia za maji, na masika ikifika choo na kisima huwa kitu kimoja.

Mji Mkongwe wenyewe, ambao UNESCO iliuweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una nyuso mbili. Mbele kuna hoteli zenye milango ya njumu. Nyuma kuna nyumba ambazo kila chumba ni familia, ngazi zimeoza na kuta zimevimba kwa maji. Ikiwa Beit al-Ajaib, jumba linalotazamwa na dunia nzima, liliweza kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili waliokuwa kazini, ni nani anayelala kwa amani katika nyumba isiyotazamwa na mtu?

Mtasema: haya ya mawe na chokaa yana uhusiano gani na tabia za vijana? Yana uhusiano mkubwa. Mvulana anapobalehe katika nyumba ya chumba kimoja, hawezi tena kulala pamoja na wazazi na dada zake. Adabu yenyewe inamkataza. Basi hutoka. Hulala barazani, dukani, maskani, chomboni, kwa rafiki mwenye ghetto. Hakufukuzwa na mtu na hakutoroka. Ametolewa na ukosefu wa kuta. Na yule anayempokea usiku ndiye atakayemfundisha. Akipokewa na fundi seremala, atajifunza useremala. Akipokewa na muuza unga, atajifunza unga. Sisi tuliolala vitandani, milango imefungwa kwa komeo, ndio tunaoamka asubuhi kuuliza mama yake alikuwa wapi.

5. Kazi na sauti

Zao la karafuu liliposhuka thamani katika miaka ya 1980, Zanzibar iliugeukia utalii. Mwaka 2023 peke yake waliingia wageni zaidi ya 600,000. Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Jambiani, vijiji vya wavuvi na vya wanawake wa mwani, vimepata majirani wenye mabwawa ya kuogelea. Kijana wa kijiji hupita kando ya ukuta, huona chakula cha usiku mmoja chenye bei kuliko mapato ya baba yake ya mwezi, naye huulizwa na mlinzi anataka nini pale. Pwani aliyochezea utotoni sasa anaitwa msumbufu akiikanyaga. Mjini kijana anayewaongoza wageni pasipo kibali huitwa papasi. Papasi ni mdudu wa kunyonya damu. Tumempa mwana wa Adamu jina la mdudu, halafu twastaajabu kwamba hana adabu.

Waajiri husema wenyeji ni wavivu na hawana elimu ya kazi, kwa hiyo huajiri kutoka kwingine. Hapa yatupasa kusema neno gumu kwetu sisi wenyewe. Waamini wengi wa jimbo hili asili yao ni Bara, na wengi wamepata riziki katika hoteli hizo. Riziki hiyo ni halali, na hakuna haki katika kumfukuza mtu kwa sababu ya alikotoka. Lakini tusiishangilie hukumu dhidi ya vijana wa hapa kwa sababu tu inatupa kazi. Mkatoliki aliye meneja au mkuu wa watumishi hotelini, anayeweza kuchukua vijana wawili wa kijiji kila mwaka na kuwafundisha upishi, umeme au hesabu, asipofanya hivyo ameshiriki katika kujenga ukuta ule.

Kuhusu sauti, jambo ni fupi lakini zito. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, kimekuwa mlango wa kujiandikisha kupiga kura na wa huduma nyingi. Katika chaguzi kadhaa yametolewa malalamiko kwamba vijana waliotimiza umri walizungushwa na kunyimwa kwa kudhaniwa ni wa chama fulani. Sisi si wasemaji wa chama chochote. Twasema tu kwamba kijana anayetimiza miaka 18 na kuambiwa na ofisi ya shehia kwamba hajulikani, katika mtaa alikozaliwa, amefundishwa siku hiyo kwamba nchi si yake. Aliyefundishwa hivyo na serikali haponi kwa hotuba ya uzalendo.

6. Unga

Sasa ndipo tuzungumze juu ya unga, mwisho wa safari, si mwanzo wake. Heroini imekita mizizi mjini kwa miongo kadhaa. Wakati maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wote wa Zanzibar yamekuwa chini ya asilimia 1, miongoni mwa wanaojidunga yamekuwa juu mara nyingi zaidi. Kwa muda mrefu jibu letu lilikuwa ni lile lile: kipigo cha mtaa, msako wa polisi, na jina la teja.

Waliotangulia kutafuta njia nyingine ni wenyewe walioacha. Tangu mwaka 2009 zimefunguliwa Unguja nyumba za upataji nafuu, nyingi zikiendeshwa na watu waliowahi kutumia. Mwaka 2015 Serikali ilianza kutoa tiba ya methadoni Kidongo Chekundu. Na watu wanapona. Wanarudi makazini, wanaoa, wanalea. Ikiwa waliolelewa vibaya ni takataka, kama hukumu yetu nyepesi inavyodai, hawa wamefufukaje? Walipewa mahali pa kulala, kazi ya kufanya, watu wa kuwasikiliza na heshima ya jina. Nguzo nne zile zile walizonyimwa.

7. Jibu kwa wenye kupinga

Tunajua mtakavyosema, kwa maana tumesikia mara nyingi: mbona fulani alizaliwa katika umaskini huo huo, mtaa huo huo, na leo ni daktari? Mtu hujichagulia.

Ndiyo, mtu huchagua. Kanisa halijapata kufundisha kwamba umaskini humwondolea mtu dhamiri, na hatuanzi leo. Lakini kuna kuchagua kwa aliyepewa njia tano, na kuna kuchagua kwa aliyepewa njia moja na shimo. Mwaka 1998 madaktari wa California walitangaza uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 9,000 juu ya mikasa ya utotoni, kama vile kupigwa, kudhulumiwa mwili, kuona mama akipigwa, au kukaa na mlevi nyumbani. Waliopatwa na aina 4 au zaidi walikuwa katika hatari ya ulevi, ya dawa za kulevya na ya kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopatwa na hata moja. Marekani pia, kuanzia mwaka 1994, baadhi ya familia maskini zilisaidiwa kuhama mitaa yenye dhiki kubwa. Watoto waliohama kabla ya miaka 13 walipofika katikati ya miaka ya ishirini walikuwa na mapato yanayozidi ya wenzao waliobaki kwa karibu theluthi moja. Mama yule yule, mtoto yule yule. Kilichobadilika ni mtaa.

Na huyo daktari mnayemtaja? Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi walipokuwa watu wazima. Miongoni mwa waliokulia katika taabu nyingi, mmoja katika kila watatu alikuja kuwa mtu imara, mwenye upendo na kazi. Moja ya sababu zilizoonekana ni kwamba walikuwa na walau mtu mzima mmoja, ndani au nje ya familia, aliyewashika mkono pasipo kuwaacha. Kwa hiyo mkimtaja daktari wenu, mtajeni pia aliyemshika mkono. Tena msisahau wawili waliobaki katika kila watatu. Jamii ya haki haijengwi kwa kutegemea bahati ya mmoja.

8. Tulianza na watoto wasio na kwao

Wakatoliki wa Unguja wana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Wamisionari waliofika hapa Desemba 1860, na baada yao Mapadre wa Roho Mtakatifu walioshika kazi tangu mwaka 1863, hawakuanza na familia zilizotulia. Walianza na hospitali, karakana na watoto waliokombolewa kutoka soko la watumwa, watoto waliopokonywa baba, mama, lugha na kijiji. Mwaka 1868 kazi hiyo ilipanuka hadi Bagamoyo. Watoto wale walifundishwa uhunzi, useremala na kilimo. Walipofikia umri waliozeshwa, wakapewa nyumba na shamba.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Mengi waliamuliwa na wengine, na sauti yao wenyewe ilisikika kidogo. Lakini hakuna aliyesimama juu ya mtoto aliyetoka sokoni akamwambia: asiyefunzwa na mamaye. Walijua mama yake alikuwa wapi na ni nani aliyempokonya. Imani yetu katika pwani hii ilipandwa na watoto ambao leo tungewaita wa mitaani. Tukiwafungia mlango wenzao, tumewafungia babu zetu.

9. Yatupasayo kutenda

Kwa hiyo twaomba, na kwa mamlaka ya Injili twadai, mambo haya:

(a) Kila Jumuiya Ndogo ijue kwa majina vijana wote wa mtaa wake wasio na mahali pa kulala, wa dini yoyote, na isiridhike mpaka kila mmoja awe na mtu mzima mmoja anayemfuatilia.

(b) Kila mwamini mwenye mtumishi wa ndani ampe mkataba, ujira mkononi mwake, siku ya mapumziko na nafasi ya kusoma. Aliye na mtoto asiyefikia umri wa kazi amrudishe shule, si kijijini mikono mitupu.

(c) Kumbi za parokia zinazofungwa tangu Jumatatu hadi Jumamosi zifunguliwe jioni ziwe mahali pa kusoma na kujifunza ufundi. Mafundi wetu wa magari, umeme, ushonaji na useremala wapokee wanagenzi.

(d) Hakuna kiongozi wa Kanisa atakayeshiriki katika kumalizana kwa kesi ya mtoto aliyedhulumiwa. Atakayeshiriki aachishwe uongozi.

(e) Mwamini anayewauzia watoto pombe, au anayempangishia nyumba muuza unga huku akijua, achague kati ya biashara hiyo na Meza ya Bwana.

(f) Serikali ihimizwe, kwa adabu lakini pasipo kuchoka, kupanga nyumba za watu wa kipato cha chini kabla ya kuwapa wawekezaji viwanja, kuwawekea waajiri wa utalii masharti ya kufundisha vijana wa vijiji vyao, na kumpa kila aliyetimiza umri kitambulisho chake pasipo kuuliza rangi ya bendera yake.

(g) Haya yote tuyafanye pamoja na majirani zetu Waislamu, walio wengi katika kisiwa hiki na ambao watoto wao na wetu hulala maskani moja. Njaa ya mtoto haina dini, wala bomba la sindano haliulizi mtu anasali wapi.

10. Maswali kwa Jumuiya

Msomapo kijitabu hiki katika Jumuiya, someni kwanza habari ya Msamaria mwema, kisha mjiulize:

– Katika mtaa wetu, kijana asiye na mahali pa kulala hulala wapi? Ni nani anayempokea?

– Je, tumewahi kumnyamazisha mtoto kwa ajili ya muhali? Leo twaweza kufanya nini juu ya kesi hiyo?

– Ni nani kati yetu mwenye ufundi, nafasi ya kazi au chumba, na kijana yupi atakipata kabla ya Pasaka ijayo?

Kuhani na Mlawi katika habari ile hawakumpiga yule mtu. Walipita tu. Pengine njiani waliulizana mama yake alikuwa wapi, hata akamwacha ashike njia ile ya hatari peke yake. Bwana hakutaka kujua waliulizana nini. Alitaka kujua ni nani aliyesimama.